Bibi yetu alizaliwa mwaka gani? Fundi wa marumaru anasubiri jibu

#1 MjukuuWaKongwa
Wakuu, habari. Mbukwenyi kwa wa kwetu.

Mwezi uliopita tumemzika bibi mzaa baba, huko Kongwa. Kwenye maziko baba mdogo alisoma wasifu: "Marehemu alizaliwa mwaka 1919, ameitwa na Bwana akiwa na umri wa miaka 105." Waombolezaji wakaguna kwa mshangao, mchungaji akarudia ile miaka mara mbili kwenye mahubiri, mambo yakaisha.

Sasa tunataka kujengea kaburi kabla mvua hazijaanza. Fundi wa marumaru anataka mwaka wa kuzaliwa ili achonge. Tumekaa kikao cha ukoo, nusura watu washikane mashati. Baba mdogo anashikilia 1919 kwa sababu bibi mwenyewe alikuwa anasema, "Mimi nilizaliwa watu wanachemsha ngozi za ng'ombe," yaani njaa ya Mtunya. Shangazi mkubwa anasema uongo mtupu, mama yake alizaliwa mwaka wa nzige, na yeye ndiye aliyekuwa akimwogesha hadi mwisho, ndiye aliyepewa maneno. Kitambulisho kinasema 1 Julai 1930. Cheti cha ubatizo ni cha 1951 na penye umri pameandikwa "mtu mzima" basi.

Baba mkubwa, kifungua mimba, alizaliwa 1948, na huo una uhakika maana alisoma. Bibi alikuwa akisimulia kwamba matrekta ya Karanga, ule mradi wa Waingereza wa kulima karanga, yalipokuwa yanang'oa mibuyu, yeye aliyaangalia akiwa na mtoto mgongoni.

Wenye ujuzi wa mambo haya nisaidieni. Niandike nini?

#2 Kapuku_Mstaafu
Pole mkuu. Andika tu "alizaliwa zamani". Nimekaa paleee nasubiri wajuzi.

#3 MwalimuWaZamani
Pole sana kwa msiba. Nimefundisha historia Mpwapwa, kwa hiyo nianze na ngozi.

Mtunya ni njaa ya Ugogo ya kati ya 1917 na 1920. Si ukame peke yake. Vita ya Kwanza Wajerumani walikusanya ng'ombe na nafaka, wakachukua wanaume kubeba mizigo. Waingereza wakaingia Dodoma mwishoni mwa Julai 1916, nao wakakusanya kile kilichobaki. Mvua zikagoma, halafu ikaja homa ya 1918. Wanahistoria wanakadiria watu 30,000 kati ya 150,000 walikufa. Wazee waliosalia walisimulia watu kuchemsha ngozi walizokuwa wakilalia. Kwa hiyo maneno ya bibi yako yanaelekea huko. Baba yako mdogo hajabuni.

#4 NesiWaZamu
Mleta uzi, nina swali moja la kiofisi. Kitinda mimba wa bibi alizaliwa mwaka gani?

#5 MjukuuWaKongwa
@NesiWaZamu shangazi mdogo ni wa 1970. Alizaliwa kabla tu hawajahamishwa kwenda kijiji kipya.

#6 NesiWaZamu
Basi hesabu unayo mwenyewe. 1970 toa 1919 ni 51. Kushika mimba kwa njia ya kawaida ukiwa na hamsini na moja sisemi haiwezekani, ila katika kazi yangu yote sijamwona. Baada ya arobaini na tano tu ni wachache. Mwaka wa kitambulisho unampa miaka 40 kwa kitinda mimba na 18 kwa kifungua mimba. Huo ndio mwili wa mwanamke unavyokwenda. Mwalimu #3 anasoma historia, mimi nasoma kizazi.

#7 MtotoWaSotoka
Nesi kamaliza mchezo. Uzi ufungwe.

#8 Binti_Makunduchi
Usifungwe, hata sijafika.

Sisi huku Unguja wazee wetu walihesabu umri kwa mwaka wa Kiislamu, ambao una siku 354 au 355. Ukihesabiwa miaka 105 kwa mwezi mwandamo, kwa kalenda ya jua huna hata 102. Na ipo hesabu nyengine ya zamani ya pwani, mwaka unaitwa kwa siku ulioanzia, mwaka Jumatatu, mwaka Ijumaa, inaanzia Nairuzi, ndiyo hiyo mnayokuja kuitazama Mwaka Kogwa. Marehemu bibi yangu alijua kazaliwa mwaka Alkhamisi, basi. Miaka Alkhamisi mingapi imepita? Shauri yako.

#9 Kapuku_Mstaafu
@Binti_Makunduchi bibi wa watu kabatizwa Mwanglikana huko Kongwa, wewe unamhesabia mwezi mwandamo 😂

#10 Binti_Makunduchi
Kabatizwa 1951, wewe. Kabla yake alikuwa anahesabiwa na nani, na Askofu?

#11 KaraniWaSensa
Niliwahi kuwa karani wa sensa 2002 na tena 2012. Niwaambie kinachotokea mlangoni. Ukimkuta mzee hajui mwaka, unatoa kalenda ya matukio. Unamuuliza: Uhuru ulikuwa na watoto? Azimio la Arusha? Vita vya pili ulikuwa umevunja ungo? Kisha unakadiria. Watu wakikadiria hupenda miaka inayoishia na sifuri au tano. Ukichora umri wa wazee kwenye karatasi unaona vilima kwenye 60, 65, 70, 75, katikati mabonde.

Kwa hiyo 1930 kwenye kitambulisho msiichukulie kama Biblia. Na hiyo 1 Julai ndiyo kabisa. Mtu asiyejua tarehe hupewa katikati ya mwaka au mwanzo wake. Ukoo wetu una watu wanne wa tarehe 1 Julai na hakuna pacha.

#12 NesiWaZamu
Sijasema 1930 ni Biblia. Nimesema 1919 ni vigumu mno kuamini. Ni vitu viwili tofauti.

#13 Susu_wa_Kitui
Poleni sana kutoka Kenya. Kwetu Ukambani hakuna mtu alizaliwa mwaka wa namba, watu walizaliwa kwa njaa. Kila yua ina jina. 1961 ni Ndeke, kwa sababu chakula kilirushwa na ndege. Ile ya 1984 ni Nikwa Ngwete, nakufa na pesa ziko mkononi, maana pesa ulikuwa nazo na mahindi hakuna dukani. Kuna ya nzige pia, mwisho wa miaka ya 1920 hivi. Nyanya yangu alisema yeye ni wa nzige na tulimhesabia hapo.

Swali langu kwa mleta mada: huyo bibi alisema "nilizaliwa" watu wakichemsha ngozi, ama alisema watu walichemsha ngozi? Kwa sababu nyanya yangu alisimulia njaa ya mamake kama yake. Aliieleza mpaka harufu. Kumbe hakuwa amezaliwa.

#14 MjukuuWaKongwa
@Susu_wa_Kitui umenigusa pabaya. Alikuwa akisema kwa Kigogo, na mimi Kigogo changu cha kuunga. Mimi nilisikia "nilizaliwa". Shangazi anasema ilikuwa "tulizaliwa", akimaanisha wao watu wa nyumba ile.

Ila nimwelezee kidogo alivyokuwa, mtaelewa kwa nini ni vigumu. Bibi hakuwa mtu wa kusimulia ukakaa ukasikiliza. Alikuwa anasimulia akifanya kazi, anakatisha, anakufokea, anarudi. Mfano: "Mwaka ule babu yenu aliporudi Bama... wewe, hiyo mboga inaungua... akaja na viatu vya bati, tukamcheka." Mwaka upi, haendelei. Mimi alikuwa ananiita "mume wangu", na kila likizo ananidai mahari. Nilipooa kwelikweli alimwambia mke wangu mbele ya watu, "Karibu mke mwenzangu, ila chumba cha mbele ni changu." Mke wangu alilia siku ya maziko kuliko sisi wa damu yake.

Alipiga muheme hadi uzeeni. Ngoma anaibana katikati ya mapaja kama kawaida yao, na magoti yalipogoma alikaa kwenye kigoda akawa anawakosoa wasichana kwamba wanapiga kama wanafukuza kuku.

#15 MtotoWaSotoka
Kumbe babu alikuwa Keya, askari wa KAR wa Waingereza! Mbona hukusema mwanzo, hiyo ndiyo nanga ya uzi wote. Alienda lini, alirudi lini, na alimuoa kabla au baada?

#16 MjukuuWaKongwa
Alijiandikisha 1941, cheti chake cha kutoka jeshini tunacho. Alirudi 1946. Bibi alisema alimsubiri.

#17 MwalimuWaZamani
Hapo sasa. "Alimsubiri" maana yake 1941 walikuwa wameshachumbiana au wameshaoana. Kama ni wa 1930, alikuwa na miaka 11 babu anaondoka. Kama ni wa 1919, alikuwa 22, mke kamili. Ndiyo sababu mtoto wa kwanza kachelewa hadi 1948! Mume yuko Bama anapigana na Wajapani, mtoto atatoka wapi? Nesi, hili unalijibuje?

#18 NesiWaZamu
Nalijibu hivi: mume karudi 1946, mtoto 1948, sawa na 1919 na sawa na 1930. Halijathibitisha kitu. Na wewe Mwalimu hujanijibu la 1970.

#19 Mtani_wa_Iringa
Zamani binti alikuwa anawekewa ng'ombe angali mdogo. Kuchumbiwa na miaka 11 halikuwa jambo la ajabu, wala si Ugogo peke yake. Anakaa kwao, anakua, mume yuko vitani, akirudi anamkuta keshakuwa mtu. Huko nako ni kusubiri.

Wagogo hoyee, ng'ombe mlikuwa nao wa kuchumbia watoto, leo mnatuomba nauli.

#20 MjukuuWaKongwa
@Mtani_wa_Iringa nyinyi mliokula mbwa mkaishiwa kelele mkae kimya 😂

#21 MzeeTabora
Nimesoma yote. Kijana, bibi aliacha vitu gani? Sanduku, shanga, sarafu? Wazee waliweka ushahidi wao humo.

#22 MjukuuWaKongwa
Sanduku la bati lilifunguliwa siku ya tatu. Mlikuwemo kanga nyingi hazijawahi kuvaliwa (sisi tulikuwa tunamnunulia, yeye anazihifadhi "za kuzikiwa"), kitabu cha kisomo, senti kumi zenye tundu katikati, na sarafu moja ya njano iliyotobolewa ya kuvaa shingoni. Imeandikwa D.O.A., 20 Heller, 1916, na herufi T. Baba mdogo anasema hiyo alivishwa alipozaliwa, ndiyo ushahidi wake mkubwa.

#23 MzeeTabora
Hiyo ni ya kwetu. Wajerumani walipozingirwa wakaishiwa sarafu, wakazifua Tabora 1916, kwenye karakana ya reli, kwa shaba iliyopatikana. T ni Tabora. Walifua na za dhahabu za rupia 15 zenye tembo, ndizo zenye thamani leo. Za heller 20 zilifuliwa nyingi sana, kwa hiyo msigombanie.

Waingereza walipoleta shilingi mwaka 1921, hizo zikabaki hazina kazi sokoni, watu wakawavalisha watoto. Angeweza kuvishwa 1919. Angeweza kuvishwa 1931. Angeweza kurithi kwa mama yake. Sarafu haina cheti cha kuzaliwa.

#24 Kapuku_Mstaafu
Ya tembo haipo humo sandukuni? Angalia vizuri chini ya kanga mkuu, mimi ni ndugu yenu wa mbali.

#25 DadaWaKibaigwa
Mleta uzi pole. Bibi yako nadhani nilimfahamu, si jina nalitaja. Kama ni yule aliyekuwa na nyumba ya tembe amekataa kuibomoa mpaka mwisho, basi nilinunua kwake uwele nikiwa shule. Alikuwa anapima kwa kisonjo, akimaliza anaongeza konzi moja ya juu na kusema, "Hii ya mama yako, usiile njiani."

Mnabishana mwaka lakini hamjamuuliza alichofanya wakati wa Karanga. Mama yangu alisema wanawake wa kule walipata fedha kwa pombe ya wafanyakazi. Watu walitoka kila kona, Waluguru, Wanyamwezi, Wahehe, wote wana kiu.

#26 MjukuuWaKongwa
@DadaWaKibaigwa ni yeye. Asante dada.

Ndiyo, alipika pombe ya uwele. Alikuwa anasema fedha ya Karanga ilimnunulia ng'ombe wake wa kwanza, wake mwenyewe si wa babu, na babu alipomchukua kumlipia mtu deni waligombana mpaka akarudi kwao. Alikaa huko mavuno mazima. Babu alimfuata na ng'ombe wawili. Akimaliza kusimulia alikuwa anatuangalia wajukuu wa kike mmoja mmoja.

#27 MwalimuWaZamani
Tuweke Karanga sawa maana kuna vijana humu. Waingereza walifika Kongwa mwanzoni mwa 1947. Vita imekwisha, mafuta ya kula hakuna Uingereza, wakapanga kulima ekari zaidi ya milioni tatu Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walileta hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta. Wakajenga tawi la reli kutoka Msagali hadi Kongwa. Ardhi ngumu, mvua haba, mibuyu haing'oki. Januari 1951 wakatangaza basi, zaidi ya pauni milioni 36 zimekwenda na maji.

Kwa hiyo mtoto mgongoni wa 1948 anakaa vizuri kabisa. Hapo hatuna ubishi.

#28 Ukweli_Mtupu
Mwalimu, reli ilianza kabla ya karanga, hiyo ya Kongwa ilikuwa ya Wajerumani.

#29 MwalimuWaZamani
@Ukweli_Mtupu hapana. Ya Wajerumani ni Reli ya Kati, kutoka Dar es Salaam, ikafika Kigoma 1914. Tawi la Msagali–Kongwa ni la mradi wa karanga, mradi ulipokufa likang'olewa. Tusichanganye.

#30 Susu_wa_Kitui
Sasa hiyo nzige ya shangazi ni ya mwaka gani upande wenu?

#31 KaraniWaSensa
Kwenye kalenda zetu za matukio nzige walikuwepo mwanzoni mwa miaka ya 1930, na wakaja tena miaka ya 1940 wakati wa vita. Ya 1940 haimhusu, asingeweza kuzaa 1948. Kwa hiyo nzige wa shangazi ni wa 1930 hadi 1933 hivi. Inakaribiana na kitambulisho, lakini angalieni: inawezekana aliyekuwa anaandikisha alisikia neno "nzige" hilohilo ndipo akaweka 1930. Basi hamna mashahidi wawili, mna mmoja kavaa kofia mbili.

#32 MtotoWaSotoka
😂😂 kofia mbili

#33 Fundi_Redio
Ngoja niwape nyingine. Huenda bibi alihesabu vuli na masika kila moja mwaka wake. Miaka 50 inakuwa 100. Ndio maana wazee wengi wana miaka mia na kitu.

#34 DadaWaKibaigwa
Kongwa ina vuli tangu lini? Huku mvua ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, zikikata zimekata. Ungekuwa unalima ungejua.

#35 Susu_wa_Kitui
Kwetu Kitui misimu ni miwili, hoja yake ingesimama huku. Huko kwenu haisimami.

#36 Wakili_Bila_Joho
Mimi nina nadharia ya dada. Bibi alikuwa na dada mkubwa aliyefariki mdogo? Zamani mtoto akifa anayefuata hupewa jina lilelile. Sasa wazee waliposema "fulani alizaliwa Mtunya" walikuwa wanamsema yule wa kwanza. Wa pili akakulia ndani ya hadithi ya wa kwanza.

Msicheke. Hata yule Mfaransa, Jeanne Calment, anayeshikilia rekodi ya dunia ya kuishi miaka 122, mtafiti mmoja Mrusi aliibuka 2018 akidai kwamba aliyekufa 1997 alikuwa binti yake aliyechukua jina la mama. Wengi wamempinga, lakini wamebishana wenye vyeti vya kila kitu. Seuze Kongwa.

#37 MjukuuWaKongwa
@Wakili_Bila_Joho nimempigia shangazi mkubwa sasa hivi. Kanyamaza kidogo, kisha akasema, "Alikuwepo mwingine kabla yake, tuliambiwa hakupona." Jina hakumbuki. Mwaka hajui. Nilipouliza zaidi akaniambia niache kuwafukua watu.

#38 Wakili_Bila_Joho
Natoa kofia yangu moja.

#39 MwalimuWaZamani
Hiyo haiondoi uwezekano wangu. Nesi anang'ang'ania shangazi mdogo wa 1970. Naomba niulize kwa heshima zote, na mleta uzi asinichukie. Zamani binti akizaa nyumbani, mtoto alilelewa na bibi yake akaitwa mtoto wa bibi. Bibi anakuwa mama, mama anakuwa dada. Yapo mpaka leo. Je, shangazi mdogo ana uhakika yeye ni kitinda mimba?

#40 Kapuku_Mstaafu
Eeeh. Uzi umeingia chumbani.

#41 Mtani_wa_Iringa
Mwalimu umeanza na Wajerumani ukamalizia na kuvunja nyumba ya watu.

#42 NesiWaZamu
Kitabibu hoja yake inawezekana, nakubali hilo. Kibinadamu angenyamaza.

#43 MjukuuWaKongwa
Mwalimu sijachukia. Ila hilo swali sitalipeleka kwenye kikao. Shangazi mdogo ndiye aliyemlisha bibi kwa mkono miaka ya mwisho, akipokezana na shangazi mkubwa kumwogesha. Bibi alipokuwa hatambui tena watu, yeye alimtambua. Fundi wa marumaru anaweza kusubiri mpaka kiama.

#44 DadaWaKibaigwa
Umejibu vizuri. Tuendelee na mengine. Operesheni ya kuhamishia watu vijijini ilimkuta wapi?

#45 MjukuuWaKongwa
Walihamishwa 1971. Alikuwa anasimulia kwa hasira mpaka miaka hii. Wakapakiwa na vyombo, wakashushwa penye uwanja mtupu. Kumbe jiwe lake la kusagia limeachwa. Usiku akarudi kwa miguu na shoga yake, wakalibeba kwa zamu. Mpaka leo lipo uani. Watoto wa mjini wanalikalia wakichati.

Baadaye ndiyo hapohapo kijiji kipya alipojifunza kusoma. Alipenda kile kisomo kuliko kitu chochote ambacho serikali imewahi kumletea. Alikuwa na kasoro moja, akisoma lazima asome kwa sauti kubwa, hata barua ya mtu mwingine. Barua za mapenzi za baba mdogo zilijulikana na kijiji kizima. Baba mdogo ndiye huyu wa 1919, labda analipiza.

#46 KaraniWaSensa
😂 Sasa tumepata sababu ya miaka ya ziada.

Mkuu, kisomo! Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa wa elimu ya watu wazima, na 1975 kukawa na mtihani wa nchi nzima. Wanakisomo waliandikishwa kwa majina na umri. Cheti chake kipo humo sandukuni?

#47 MjukuuWaKongwa
Kipo kitabu tu, cheti hakuna. Ndani ya jalada ameandika jina lake mara nyingi, mpaka ukurasa umejaa. Umri hakuandika.

#48 Mchungaji_Mstaafu
Bwana awafariji. Mmesahau kanisa. Wamisionari wa CMS, wale wa Kianglikana, walifika Mpwapwa 1876, na madaftari ya ubatizo yaliandikwa kwa uangalifu. Cheti ni ufupisho tu. Daftari lenyewe wakati mwingine lina jina la mume, idadi ya watoto waliobatizwa naye, na pembeni katekista ameandika maneno yake. Nendeni mkaombe kuliona. Nimewahi kukuta pembeni pameandikwa "mama wa wawili, mmoja amekufa". Kwa familia ile lilikuwa jambo jipya kabisa.

#49 MwalimuWaZamani
Kama daftari la 1951 lina mtoto aliyekufa kabla ya 1948, hoja ya nesi ya kifungua mimba imekufa.

#50 NesiWaZamu
Na kama halina?

#51 MwalimuWaZamani
Katekista alisahau.

#52 MtotoWaSotoka
Mwalimu hashindwi huyu. Ndoa yake ina kazi.

#53 Binti_Makunduchi
Huku kwetu umri una faida, ndio maana tunauhangaikia. Tangu 2016 mzee wa miaka 70 Unguja na Pemba analipwa pensheni na serikali, ilianza shilingi 20,000 kwa mwezi. Basi kila mtu kakumbuka kuwa kazaliwa kabla ya mwenzake. Jirani yangu alinizidi mwaka mmoja, siku ya kuandikisha akanizidi tisa.

#54 Kapuku_Mstaafu
Hiyo ndiyo historia ninayoitaka. Mimi nina 70 kuanzia kesho.

#55 DadaWaKibaigwa
Swali la mwisho na mimi nilale. Mwenyewe mlipokuwa mkimuuliza moja kwa moja, alijibuje?

#56 MjukuuWaKongwa
Alijibu kutegemea nani kauliza. Akiulizwa na daktari, "Mimi mzee sana, nipe dawa nzuri." Wapigapicha wa kampeni walipokuja walimkuta ana miaka mia, wakampa kanga na fulana. Siku hiyohiyo jioni akina mama wa kanisa walipomkataza kubeba ndoo kwa sababu ya uzee, akawajibu kwamba mwenye umri mkubwa pale ni mwenyekiti wao. Nilipomuuliza mimi alisema, "Unataka kujua ili uniache, uoe msichana?"

#57 NesiWaZamu
Huyu bibi ningempenda.

#58 Wakili_Bila_Joho
Pendekezo la kisheria: kaburini wekeni mwaka wa kufariki peke yake, na chini muandike majina ya watoto. Makaburi mengi ya wazee yako hivyo na hayajabomoka.

#59 MjukuuWaKongwa
Nimelitupia kwenye kundi la ukoo. Shangazi mkubwa kakubali. Baba mdogo anasema wasifu ulishasomwa mbele ya mchungaji na diwani, ukibadilishwa yeye ataonekana muongo. Baba mkubwa kaandika "1925" bila maelezo yoyote, na watu watatu wamemwekea dole gumba. Jumamosi ninakwenda na binamu kuona daftari la kanisa, nikipata kitu nitarudi hapa. Asanteni wote, hata watani.

#60 MtotoWaSotoka
1925!! Huo umetoka wapi sasa?

#61 KaraniWaSensa
Katikati ya 1919 na 1931. Baba mkubwa ni karani mwenzangu huyo. Tena kaishilizia na tano.

#62 Kusini_Njema
Samahani kuingilia. Mimi mama yangu yuko hai, Lindi, anasema alizaliwa mwaka wa kimbunga. Kuna anayejua ni lini? Anataka kurekebishiwa kitambulisho.

#63 MwalimuWaZamani
Kimbunga cha Lindi ni Aprili 1952, tarehe 15. Hapo hakuna ubishi.

#64 Kusini_Njema
Ubishi upo. Mama mkubwa anasema siku ya kimbunga bibi alimkimbiza mama mgongoni. Mama mdogo anasema bibi alikimbia akiwa na mimba yake.

#65 NesiWaZamu
Mama mkubwa ana miaka mingapi?

#66 Kusini_Njema
Hajui.

#67 Kapuku_Mstaafu
Mkuu fungua uzi wako, huu umejaa.